Kila Kipimo cha Kongosho na Saa Yake

Kongosho hujificha. Imelala kwa ubavu nyuma ya tumbo la chakula, karibu na uti wa mgongo, mahali ambapo kidole cha daktari hakifiki. Ndiyo maana wataalamu wameitafuta kwenye mkojo na kwenye damu, kwa kile inachotoa na kile inachoshindwa kutoa. Nilianza kazi ya maabara hapa Nakuru miaka ya 1970 na sikuiacha hadi kustaafu. Damu niliyoipima ilitoka Njoro, Molo, Elburgon, Subukia, Gilgil, hata Olenguruone. Kazi hiyo ilinifundisha jambo moja ambalo natamani kila mgonjwa na kila mhudumu alijue: historia ya kuipima kongosho ni historia ya kushindana na saa.

Kiungo hiki kina kazi mbili. Ya kwanza ni kutawala sukari. Mwaka 1869 Paul Langerhans, akiwa bado mwanafunzi Berlin, aliona ndani ya kongosho vikundi vya chembe vilivyotawanyika kama visiwa, bila kujua kazi yake. Mwaka 1889, mjini Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho, naye akaanza kukojoa mno, mkojo umejaa sukari. Toronto, mwaka 1921, Frederick Banting na Charles Best wakapata kwenye kongosho ile dawa tunayoiita insulini, na Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, akadungwa sindano yake. Kazi ya pili ni kumwaga kwenye utumbo vimeng'enya vya kuvunja wanga, mafuta na protini. Kila kazi ina vipimo vyake, na watu wengi huvichanganya.

Kipimo cha sukari nilichofundishwa kwanza kilikuwa cha mkojo. Unaweka kwenye mrija mililita 5 za dawa ya buluu aliyoitunga Mmarekani Stanley Benedict mwaka 1908, unadondosha matone 8 ya mkojo, unachemsha. Ikibaki buluu, hakuna sukari. Kijani, ipo kidogo. Manjano, imezidi. Ikiwa nyekundu ya tofali, unamtafuta daktari mara moja. Hata dispensari isiyokuwa na umeme iliweza kufanya kazi hiyo kwa taa ya spiriti, nami bado naiheshimu dawa ile kwa sababu iliwafikia watu wengi. Ila mkojo husema kwa kuchelewa. Figo huanza kuachilia sukari pale damu inapopita takriban milimoli 10 kwa lita, na mkojo uliokaa kibofuni usiku kucha hueleza habari za usiku.

Tulipohamia kwenye damu, saa ilitubana kwa namna nyingine. Chembe nyekundu huendelea kula sukari hata zikiwa ndani ya chupa. Kwenye joto la kawaida, asilimia 5 hadi 7 hupotea kila saa. Sasa fikiria damu iliyotolewa Olenguruone saa tatu asubuhi, ikasubiri gari, ikapanda na kushuka vilima, ikafika Nakuru saa tisa alasiri. Karibu theluthi ya sukari yake inaweza kuwa imeliwa njiani, na mgonjwa wa kisukari akaonekana mzima. Ndiyo sababu ya chupa yenye kifuniko cha kijivu: ndani yake mna floraidi, chumvi inayozuia ulaji huo, ingawa haizuii papo hapo. Niliwasisitizia vijana waandike kwenye kila chupa saa ya kutoa damu. Jina bila saa lilikuwa nusu ya habari.

Vipimo vya kazi ya pili vina historia yake, nayo kwangu ndiyo yenye mvuto zaidi. Mwaka 1908 Julius Wohlgemuth alionyesha jinsi ya kupima amilesi, kimeng'enya kinachovunja wanga, kwenye mkojo. Mwaka 1929 Robert Elman na wenzake, St. Louis, wakaonyesha kwamba kongosho ikivimba ghafla, amilesi hupanda kwenye damu. Kila Mkenya aliyesoma sayansi shuleni amedondoshea kiazi ayodini akaona kikigeuka buluu-nyeusi. Kipimo cha zamani cha amilesi kilitumia maarifa hayohayo. Unachanganya maji ya wanga na seramu ya mgonjwa, unaacha kwenye joto la nyuzi 37 kwa dakika zilizowekwa, kisha unatia ayodini. Buluu ikibaki nzito, wanga haujaliwa. Ikififia, amilesi ni nyingi, na kadiri inavyofifia ndivyo hofu inavyozidi.

Siku hizo tulivuta pipeti kwa mdomo, na mate ya binadamu yana amilesi yake. Tone moja la mate likiingia, jibu limeharibika. Tuliziba ncha ya juu ya pipeti kwa pamba, na hakuna aliyeruhusiwa kuzungumza akiwa ameinamia mirija. Kwa sababu hiyohiyo, mtoto mwenye matubwitubwi anaweza kuwa na amilesi ya juu huku kongosho yake haina neno.

Saa ya amilesi ni fupi. Hupanda ndani ya saa 6 hadi 12 tangu maumivu yaanze, na mara nyingi hushuka ndani ya siku 3 hadi 5. Kibarua wa shambani akivumilia maumivu nyumbani, akinywa maji ya magadi kwa kudhani ni vidonda vya tumbo, akafika hospitali siku ya sita, jibu lake linaweza kuwa la kawaida na kongosho bado inaungua. Lipesi, kimeng'enya cha mafuta, hukaa kwenye damu hadi wiki moja au mbili. Lakini kipimo cha Cherry na Crandall cha mwaka 1932 kilitaka seramu ikae na mafuta ya zeituni kwa saa 24 kabla ya kusomwa, na mgonjwa mahututi hana saa 24 za kusubiri. Kwa miaka mingi amilesi ilitawala kwa sababu ya wepesi wake. Mbinu mpya zilipoifanya lipesi isomwe kwa dakika chache, ikapewa kipaumbele. Leo madaktari hutafuta kiwango kinachofika mara 3 au zaidi ya ukomo wa kawaida, wakikipima pamoja na aina ya maumivu na picha.

Afrika Mashariki ilichangia sura yake kwenye elimu hii. Hugh Trowell, aliyekuja Kenya mwaka 1929 kisha akahamia Mulago, Kampala, alishughulika miaka mingi na watoto wenye kwashiakoo. Mwenzake J. N. P. Davies alipochunguza miili ya waliofariki, alikuta kongosho zimesinyaa. Majimaji ya utumbo ya watoto waliokuwa hai yalionyesha upungufu mkubwa wa vimeng'enya, navyo vilirejea mtoto alipolishwa protini. Kwa hiyo, walipokuwa wengine wakiitafuta amilesi iliyozidi, Mulago ilitufundisha kuisoma iliyopungua. Somo hilo lilituhusu sana sisi wa Bonde la Ufa, ambako mtoto wa kibarua aliweza kukua kwa uji mtupu wa mahindi kando ya mashamba yanayokamua maziwa.

Tukirudi kwenye sukari, mwaka 1968, Tehran, Samuel Rahbar aligundua kwamba wagonjwa wa kisukari wana hemoglobini ya namna ya pekee. Hapo kikatoka kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa takriban miezi 3. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilikikubali kwa kutambua kisukari, mpaka ukiwa asilimia 6.5. Kwetu kilileta nafuu kubwa, kwa kuwa mgonjwa wa mbali hahitaji kufika akiwa hajala. Hata hivyo, mwenye selimundu au aliyeongezewa damu karibuni anaweza kupata jibu la kupotosha.

Nakuru yenyewe iliingia kwenye vitabu mwaka 2007 na 2008, pale Dkt. Wanjiku Mathenge na wenzake walipowapima zaidi ya watu 4,300 wenye miaka 50 na kuendelea, mjini na vijijini. Walikuwa wakichunguza macho, lakini walichoma vidole pia na kupima sukari, kwa kuwa kisukari huharibu jicho taratibu. Asilimia 6.6 walikuwa na kisukari, na mjini hali ilikuwa nzito kuliko vijijini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ukaonyesha kwamba takriban asilimia 88 ya Wakenya wazima hawakuwahi kupimwa sukari kamwe. Takwimu hiyo inaniuma mpaka leo, maana mashine ya kidole inabebeka mfukoni.

Mama mmoja wa Kaptembwo aliniuliza juzi, "Mzee, kongosho yangu si imepimwa ikawa sawa? Mbona tumbo bado linauma hadi mgongoni?"

Nikamuuliza, "Mama, walipima nini, na siku ya ngapi?"

Alikuwa amepimwa sukari tu. Sukari nzuri haiwezi kukanusha uvimbe, wala lipesi nzuri haiwezi kukanusha kisukari. Hata CA 19-9, kipimo cha damu kinachotajwa sana kwa saratani ya kongosho, hakifai kumtafutia ugonjwa mtu asiye na dalili, kwani hupanda pia nyongo ikiziba, na wapo watu ambao miili yao haitengenezi kabisa kile kinachopimwa. Nilimwelekeza arudi kwa daktari siku hiyohiyo, amweleze maumivu yalianza lini na yanaelekea wapi.

Maabara za sasa zina mashine ambazo sisi tungezishangaa, na nafurahi kuona vijana wakizitumia vizuri. Ombi langu kwao ni lilelile: pokeeni chupa, lakini ulizeni na saa. Na wewe unayetolewa damu, omba kuambiwa kipimo gani kinafanywa na kinajibu swali gani. Maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni, yakija na kutapika, yasingoje siku ya soko. Nenda siku ya kwanza, wakati damu bado ina la kusema.