Ajali: neno la siku iliyowekwa, leo ni neno la barabarani

Kwenye matanga, iwe Bukavu, Bunia ao Kindu, mtu akifa sababu gari imepinduka, wazee wanasema "siku yake ilifika". Vijana wanasema "ni aksida". Redio ikisoma habari inasema ajali. Wengi wanachukua ajali na aksida kuwa kitu kimoja, moja Kiswahili bora, ingine Kifaransa cha mjini. Kumbe kwa asili yake ajali iko karibu zaidi na maneno ya wazee.

Neno limetoka Kiarabu, ajal, maana yake muda uliowekwa, siku ya mwisho. Linatumika hata kwa deni: katika Kurani, aya ya 282 ya sura ya pili, inayofundisha watu kuandika mikopo yao, ajal ni siku ya kulipa. Kwa uhai ni vilevile. Kila mtu amewekewa muda wake, na siku ikifika ni kama deni limefika.

Watu wa pwani walilichukua pamoja na maana hiyo. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 bado inalieleza ajali kuwa ni majaliwa, mwisho wa maisha. Kifo cha ghafla ndicho kilifanya watu waseme "ni ajali yake", na kidogo kidogo jina la siku likahamia kwenye tukio lenyewe. Leo mtu anapata ajali na anatoka mzima, anapiga vumbi kwenye suruali na kuendelea na safari. Kwa maana ya zamani, hiyo haisemeki kabisa.

(Majaliwa, ingawa inafanana kwa sauti, ni neno lingine. Linatoka katika kujalia, kile Mungu anachompa mtu.)

Huku mashariki Kiswahili kilifika na misafara ya pembe na watumwa katika karne ya 19, kupitia Nyangwe na Kasongo, wakati wa Tippu Tip. Maneno mengi ya kilio ni ya Kiarabu: mauti, marehemu, yaani aliyerehemiwa, na kufariki, yaani kutengana. Kufa lenyewe ni la Kibantu, ndugu ya kokufa ya Lingala na gupfa ya Kinyarwanda.

Methali inasema ajali haina kinga. Kwa maana ya kwanza ni sawa: siku iliyowekwa haizuiliwi na dawa wala ngao. Lakini mtu akiisikia kwa maana ya leo, methali inageuka. Inakuwa kama kusema breki nzuri hazisaidii kitu, na mashua haina haja ya makoti ya kuokolea watu. Wenye magari na wenye mashua wanapenda sana kuisikia hivyo.

Aksida nayo haisaidii zaidi. Kifaransa kililitoa katika Kilatini, kwenye neno la kuanguka: jambo limekuangukia tu. Basi ajali inasema iliandikwa, aksida inasema ilitokea bahati mbaya. Na kuna jibu la tatu, baya kuliko yote, "wamemula", ambalo linatuma watu kwenye nyumba ya mama mzee asiyekuwa hata karibu na barabara. Hakuna hata moja kati ya hayo linalouliza nani alipakia, nani aliruhusu kuondoka.

Tarehe 2 Julai 2010, kule Sange, katika bonde la Ruzizi, lori la mafuta lilipinduka na kuwaka moto. Watu zaidi ya 200 walikufa. Tarehe 3 Oktoba 2024, mashua MV Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiwa kwenye ufuko wanaiona. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Mara zote mbili neno lililosikika ni ajali. Lakini jamaa ya marehemu wanaweza kusema siku yake ilifika, wakafarijika, na bado wakauliza juu ya uzito wa mzigo. Imani ya ajal haimfutii mwenye deni deni lake.

Sheria ya Kongo, kwa upande wake, haiishii kwenye maneno hayo. Kifungu cha 52 cha kitabu cha pili cha sheria ya makosa ya jinai kinamhesabu mwenye kosa yule aliyesababisha madhara kwa kukosa kuona mbele ao kukosa tahadhari, hata kama hakukusudia kuumiza mtu. Kifungu cha 53 kinaweka adhabu ikiwa mtu amekufa: kifungo cha miezi 3 mpaka miaka 2, pamoja na faini. Jamaa wanaokwenda polisi ao kwa parke wanaweza kutaja vifungu hivyo viwili kwa namba.