Risasi iliyobaki barabarani

Wadau, leo naongelea risasi. Sio ya bunduki, ingawa kwetu Kagera ukitaja neno hilo mzee yeyote anaanza na mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka na kuiteka ardhi yetu hadi mto Kagera. Risasi ninayoisema mimi ni ile metali laini, nzito, ya rangi ya kijivu. Hii haikuletwa na Amin. Imeletwa na gari.

Nilikwenda Kagondo kumsalimia bibi. Kagondo ziko mbili: moja ni kata ya Manispaa ya Bukoba, nyingine iko Muleba, ile yenye hospitali. Bibi yangu ni wa hii ya pili. Asubuhi moja nimekaa kwa fundi pancha nikaona chini, karibu na rimu iliyovuliwa tairi, kipande kidogo cha chuma chenye kibanio. Nikauliza ni nini.

"Cha balansi hicho, kaka. Vinachomoka vyenyewe njiani. Watoto wanaviokota wanachezea."

Nikakigonga kwa jiwe. Kikabonyea kama udongo wa mfinyanzi. Risasi tupu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma historia ya vitu vinavyodondoka kutoka kwenye gurudumu, na naona kuna sehemu hatukusimuliwa.

Sehemu tuliyosimuliwa ni ya moshi. Mwaka 1921 Mmarekani Thomas Midgley, akifanya kazi kwenye maabara ya General Motors, aligundua kwamba ukichanganya risasi kwenye petroli injini inaacha kugonga. Dunia nzima ikavuta moshi huo kwa miongo kadhaa, ilhali risasi inaharibu ubongo wa mtoto na wataalamu wa afya hawajaona kiwango chake kilicho salama. Juni 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikutana Dakar zikakubaliana kuiondoa, na kufikia Januari 2006 zikawa zimeacha kuuza petroli hiyo. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, Julai 2021. Tukashangilia, na tulikuwa na haki.

Lakini tulikuwa tunaangalia bomba la moshi tu. Gurudumu halikuwa na moshi, kwa hiyo hatukuliuliza maswali.

Hebu tuliulize sasa. Tairi jipya lina kashata. Baada ya muda linakuwa kipara. Kashata zimekwenda wapi? Hazikuyeyuka hewani zikaisha. Zimesagika zikawa vumbi, na vumbi hilo liko barabarani, mtaroni na kwenye majani ya migomba. Charles Goodyear aligundua mwaka 1839 kwamba mpira ukipikwa na salfa unakuwa imara, na John Dunlop akatengeneza tairi lake la upepo mwaka 1888. Baadaye viwanda vikaongeza oksaidi ya zinki ili mpira upikike vizuri na haraka. Hadi leo zinki ni kama asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa kashata. Kidogo, lakini zidisha kwa kila tairi lililowahi kupita.

Njoo kwenye breki. Herbert Frood wa Uingereza alianza kutengeneza bitana za breki mwaka 1897. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyofuata bitana hizo zilijaa asbesto. Asbesto ilipoonekana inaleta saratani ikaanza kuachwa, na shaba ikawa moja ya vitu vilivyochukua nafasi yake, pamoja na antimoni na wengineo. Kila dereva akikanyaga breki, unga kidogo unadondoka. Huko California waligundua kwamba shaba inayotiririka kutoka barabarani inadhuru samaki, wakatunga sheria mwaka 2010: kuanzia 2021 breki mpya zisizidi asilimia 5 ya shaba, na kuanzia 2025 zisizidi nusu asilimia.

Mwisho ni kile kipande nilichookota. Mmarekani Robert Root alitembea kwenye barabara za mji wa Albuquerque akiokota vizito vya balansi vilivyoanguka, akaona jinsi magari yanavyovisaga vikawa unga. Utafiti wake ulitoka mwaka 2000. Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku vizito vya risasi kuanzia Julai 2005, na California ikafuata 2010.

Angalia hiyo miaka, ndugu msomaji, halafu fikiria umri wa magari ya mtumba tunayopanda. Sheria inalinda barabara za ilikopitishwa. Gari likishazeeka na kuuzwa, linasafiri na magurudumu yake.

Sasa turudi Kagondo. Watu wa rika langu tunakumbuka, au tumesimuliwa, enzi ambazo safari ya kwenda Mwanza maana yake ilikuwa meli. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama na mamia ya watu wetu. Nyumbani kwetu wapo walioapa kutokanyaga meli tena, wakawa watu wa basi, la vumbi na matope. Halafu lami ikaja kwa vipande: Mutukula hadi Muhutwe, Muhutwe hadi Kagoma, Kagoma hadi Lusahunga. Tuliililia lami, na siwezi kuisema vibaya. Mjamzito anafika hospitali. Kahawa inafika sokoni. Lakini pamoja na lami yakaja malori na mabasi ya mwendo kasi, na kwa sababu ya mwendo kasi yakaja matuta.

Na hapa ndipo nilipopatwa na wasiwasi. Kwenye tuta kila gari linafunga breki. Ndipo unga wa breki na wa tairi unapodondoka zaidi. Na ni hapohapo wafanyabiashara wetu wanapokaa, maana gari likipunguza mwendo ndipo abiria anaponunua ndizi na parachichi. Bibi naye ana tuta lake, na mchicha wake ameupanda hatua chache kutoka kwenye lami.

Jirani zetu wa Kampala walishalipima jambo hili. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa risasi, kadimiamu na zinki kwenye udongo na mboga za kando ya barabara za jiji hilo. Risasi ilikuwa nyingi karibu na lami na kupungua haraka kadiri unavyosogea mbali. Majani yalibeba metali kuliko mizizi. Ushauri wao: mboga za majani zipandwe zaidi ya mita 30 kutoka kwenye barabara zenye magari mengi. Kagondo sio Kampala, magari yetu ni machache. Ila metali haiozi. Ya leo inakaa juu ya ya jana.

Hilo Wahaya hatuhitaji kufundishwa na mzungu. Katuruka, kule Maruku, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta mabaki ya matanuru ambamo wazee wetu waliyeyusha chuma karibu miaka 2,000 iliyopita. Miaka ya 1970 wazee wa Kihaya walijenga tanuru upya mbele ya Peter Schmidt na wenzake wakaonyesha ufundi ulivyokuwa. Majina ya wale mafundi wa kwanza yamepotea na nyumba zao zimeoza. Kilichobaki ardhini ni mavi ya chuma.

Jioni nikamwambia bibi mchicha tuuhamishie nyuma ya migomba.

"Nyuma ya migomba nani atauona aununue?"

Nikamwonyesha kile kipande cha risasi, nikamweleza. Akakigeuzageuza mkononi, akauliza watoto wa jirani wanavichezea tangu lini. Sikuwa na jibu. Tukakubaliana hivi: mchicha unaoteshwa nyuma, unaletwa mbele asubuhi ukiwa umeoshwa na kufunikwa kitambaa. Kahawa haianikwi tena pembeni ya lami. Na fundi pancha amewekewa kopo la kukusanyia vile vizito, mtoto asiguse.

Ni kopo moja kwenye tuta moja. Nimehesabu matuta kutoka pale hadi Bukoba mjini mpaka nikachoka. Wewe kwenu yako mangapi, na nani anauza nini pembeni yake?