Makaa ya Mawe, Bati na Reli ya Mackinnon Road

Wasafiri wa barabara ya Mombasa huujua mji mdogo wa Mackinnon Road kwa msikiti ulio kando ya reli, penye kaburi la Sayyid Baghali Shah. Masimulizi yanasema alikuwa mnyapara wa wajenzi wa reli, Mpunjabi mwenye nguvu, na kwamba karai lake la kokoto lilielea juu ya kichwa chake.

Reli hiyo ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Ziwa Victoria 1901. Nyika ya Taru ilikuwa kavu, hata maji ya wajenzi yakaletwa kwa treni. Injini za mvuke nazo zilitaka maji na moto mkali. Kuni zilichomwa kwa wingi, lakini kilo moja ya makaa ya mawe mazuri hutoa joto karibu maradufu ya kuni kavu. Makaa hayo yalivuka bahari. Inasikitisha ukifikiri kwamba mawe ya mchanga ya Duruma, yanayopitiwa na reli hiyo, ni ya zama zilezile za miamba yenye makaa ya mawe kusini mwa Tanzania. Hata hivyo Kwale, yaliko mawe hayo, haijapata mgodi wa makaa ya mawe hata mmoja. Mwaka 1955 na 1956, injini 34 za aina ya 59 kutoka kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester zilikuja zikitumia mafuta mazito.

Bati halikuhitaji moto wa namna hiyo. Huyeyuka kwa nyuzi 232 tu, na jiko la makaa ya miti linatosha. Ndiyo maana debe la mafuta ya taa, chuma chembamba kilichopakwa bati kisishike kutu, lilipata maisha ya pili mikononi mwa mafundi wa kando ya reli. Fundi hulipasua, hulinyoosha kwa nyundo, hukunja kingo zishikane, kisha hupasha moto kipande cha shaba na kuyeyushia lehemu, mchanganyiko wa bati na risasi, kwenye maungio. Inatoka koroboi. Debe zima lilitumika kuchotea maji na kupimia mahindi, na kipimo hicho kingali sokoni.

Makumbusho ya Reli Nairobi yameihifadhi injini moja ya aina hiyo ya 59, namba 5918, Mount Gelai. Ni jambo jema, lakini historia ya reli ni pia ya walioishi kandokando yake. Mwenye koroboi ya babu yake asiiuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na wazee wa Taru na Samburu, kando ya reli hiyo, waulizwe sasa, wangali nasi.