Hati Isiyokufa: Tarehe ya Amri za Kukamata Baina ya Nakawa na Luzira

Mtaa wa Bugolobi umekaa mashariki ya Kampala, kando ya njia iteremkayo kwenda Port Bell, bandari ya ziwani iliyopewa jina la Sir Hesketh Bell, aliyeitawala Uganda toka 1906 hata 1909. Na mkazi wake, apende asipende, makao yake yako baina ya nyumba mbili za serikali ambazo hakuna azitembeleaye kwa furaha, yaani mahakama ya Nakawa, ambako kesi za mtaa wake husikilizwa, na gereza la Luzira, ambalo Waingereza walilijenga katika miaka ya 1920. Masafa baina ya nyumba hizo ni mafupi, na aghalabu kinachomvusha mtu kutoka moja hata ya pili ni karatasi yenye mhuri, ambayo hakimu huitoa akiwa kitini, pale mshtakiwa aliyekwisha pewa dhamana anapoitwa jina na karani, asiitike. Karatasi hiyo ina nasaba ndefu kuliko watu wanavyodhani.

Zama za Kabaka Mutesa wa Kwanza, mfalme wa Buganda, aliyefariki 1884, amri ya kukamata haikuandikwa. Ilitoka kinywani mwa Kabaka au mwa Katikkiro, waziri wake mkuu, ikachukuliwa na matarishi, na ilipokuwa amri ya ghadhabu ilichukuliwa na abambowa, watu wa kamba na wa kuua, ambao kuonekana kwao mlangoni kulikuwa nusu ya hukumu. Aliyetafutwa hakuwa na daftari la kutazama wala karani wa kumwuliza. Njia yake ya salama ilikuwa kukimbilia kwa mkuu mwenye heshima barazani, ambaye, akimridhia, alimsemea mbele ya mwenye nchi na kuibeba dhima yake. Katika Kyaddondo, saza ambalo Bugolobi imo ndani yake, mkuu huyo aliitwa Kaggo. Mdhamini tumjuaye leo, yule asimamaye mbele ya hakimu na kitambulisho mkononi na barua ya mwenyekiti wa mtaa wake, kwa maoni yangu ni mrithi wa wakuu wale kuliko alivyo mrithi wa sheria ya Kiingereza, ijapokuwa sheria ndiyo iliyompa jina.

Karatasi ililetwa na himaya ya Waingereza. Mkataba wa Buganda uliotiwa sahihi mwezi wa Machi 1900 uliutambua Lukiiko kuwa baraza na mahakama pamoja, na ukampa Omulamuzi nafasi ya mkuu wa hukumu za Waganda; miaka miwili baadaye amri ya mfalme wa Uingereza ikaunda Mahakama Kuu ya Uganda, na toka siku hiyo mji mmoja ukawa na haki za namna mbili. Katika Kibuga cha Kabaka, yaani Mengo na vitongoji vyake, mtu wa Buganda aliitwa na mahakama za gombolola (sehemu ya saza), za saza na za Lukiiko. Katika mji wa Kampala wa Wazungu na Wahindi aliitwa na mahakimu wa himaya. Ilikuwa rahisi kwa mtu kukosa kufika kwa sababu hakujua ni baraza lipi lililomtaka, na ilikuwa rahisi vilevile kwa mjanja kujua vema, akahamia upande wa pili wa barabara.

Sheria waliyoitumia mahakimu wa himaya haikutungwa Entebbe, makao ya serikali ya himaya, wala London haikuitunga kwa ajili ya Afrika. Ilitoka Bara Hindi, ambako Waingereza walikuwa wamekwisha kuandika kanuni za makosa na za mwenendo wa kesi, na njia yake ilikuwa ile ile ya majahazi, kwa kuwa sheria za Kihindi zilikwisha kutumika katika mahakama ya Mwingereza huko Unguja kabla ya reli kufika ziwani. Katika kanuni ya India ya mwenendo wa kesi za jinai ya 1898 limo agizo fupi, ambalo maana yake ni kwamba kila hati ya kukamata hubaki na nguvu mpaka itekelezwe, au mpaka ifutwe na mahakama iliyoitoa. Uganda ilijitungia kanuni yake ya makosa, iliyoanza kutumika tarehe 15 Juni 1930, na sheria nyingine nyingi zikabadilishwa baada ya uhuru, lakini agizo hilo lilivuka tawala zote, nalo limo katika Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya Uganda na katika kanuni ya Kenya pia, maneno yake karibu yale yale. Hakimu aliyeitoa hati huweza kuhamishwa, akastaafu, akafa. Askari aliyekabidhiwa huweza kuacha kazi. Nyumba iliyotajwa ndani yake huweza kubomolewa pakajengwa duka. Nayo ingali hai.

Aliyeichukua hati kwenda mlangoni alikuwa askari wa polisi, jeshi lililoundwa 1906 kwa watu wa makabila mengi, na lugha yao ya amri ilikuwa Kiswahili. Basi karatasi iliandikwa kwa Kiingereza, ikasomwa kwa Kiswahili, na aliyesomewa alikuwa Mganda. Si ajabu kwamba Gavana Gowers alipotaka kukipa Kiswahili nafasi kubwa shuleni na serikalini, Kabaka Daudi Chwa alipinga kwa maandishi mwaka wa 1929, na chuki iliyobaki Buganda juu ya lugha yetu kwa muda mrefu ilikuwa, kwa sehemu kubwa, chuki ya kugongewa mlango. Sisi tuipendao lugha hii tunapaswa kulikubali hilo bila kununa.

Lakini asikudanganye mtu kwamba wengi waliokamatwa katika miaka hiyo walikuwa wezi. Waliokimbizwa zaidi walikuwa wadaiwa, na mdai mkubwa alikuwa serikali. Mkataba wa 1900 uliweka kodi ya nyumba kuwa rupia tatu kwa mwaka. Baadaye ikaja kodi ya kichwa, na katika miaka ya 1950 kodi ya kadiri ya mapato, ambayo ilidumu hata 2005 ilipoondolewa. Msako wake ulifanywa alfajiri. Mkuu wa muluka (sehemu ya gombolola) na askari wake walizingira vijiji kabla ya jua, wakadai stakabadhi, na asiyekuwa nayo akafungwa kamba pamoja na wenzake, wakati waliowahi kusikia nyayo walikwisha kujitosa katika mabwawa ya mafunjo, ambayo upande huu wa Kampala hayakuwa machache. Wadaiwa wa watu binafsi nao walikuwa na hati yao: aliyeshindwa daawa ya madai, asilipe, aliweza kufungwa hata miezi sita, na kwa kanuni iliyotoka pia India, aliyemfungisha ndiye aliyelipa gharama ya chakula chake. Sheria hiyo ya ajabu imewafanya wadai wengi kupatana na wadeni wao.

Hati iliogopwa. Hofu kubwa zaidi, hata hivyo, ilikuja pale ilipotoweka. Sheria ya usalama ya 1967 ilimruhusu waziri kumweka mtu kizuizini bila kesi, na miongoni mwa waliozuiliwa Luzira katika utawala wa Rais Obote alikuwa Benedicto Kiwanuka, kiongozi wa chama cha Democratic na waziri mkuu wa kwanza wa Uganda. Idi Amin alipotwaa dola mwezi wa Januari 1971 alimfungua, akamfanya Jaji Mkuu. Na mwaka ule ule akatoa amri iliyowapa wanajeshi uwezo wa kukamata watu bila hati yoyote. Tarehe 21 Septemba 1972 watu wenye silaha waliingia katika Mahakama Kuu mjini Kampala, wakamtoa Kiwanuka katika chumba chake cha kazi, wakaenda naye, asirudi tena. Mtu aliyekuwa juu ya mahakimu wote, ambao kwa sahihi zao hati zilipata nguvu na kwa sahihi zao zilifutwa, alichukuliwa pasipo hata kipande cha karatasi. Toka hapo hata 1979 watu wa Kampala walitekwa na kutiwa ndani ya buti za motokaa, na jamaa zao hawakuwa na masjala ya kwenda kuuliza, kwa kuwa lisiloandikwa halifutiki. Ni kwa sababu ya miaka hiyo kwamba mimi siwezi kuungana na wale wanaoilaani hati ya hakimu kuwa chombo cha dhuluma tupu.

Katiba ya 1995 ilijaribu kuurudisha mpaka: aliyekamatwa apelekwe mahakamani ndani ya saa 48, aambiwe sababu kwa lugha aifahamuye, na awe na haki ya kuomba dhamana. Mpaka huo umevukwa zaidi ya mara moja, kama ilivyokuwa Novemba 2005 na tena Machi 2007, watu wenye silaha walipoizingira Mahakama Kuu kuwazuia waliopewa dhamana wasiende makwao. Mara ya pili majaji waligoma kwa siku kadhaa.

Bugolobi ya leo si ya mabwawa. Ina Luthuli Avenue na Bandali Rise, ina magorofa na nyumba za kuta ndefu, na hati nyingi za siku hizi huzaliwa katika kuta hizo. Wito wa mahakama huletwa, mlinzi wa lango huupokea, huuweka mfukoni mwa koti, na zamu yake ikiisha huondoka nao; sheria inakubali wito uachiwe mtu mzima wa nyumba, na mbele ya hakimu mwenye nyumba huonekana ameitwa akakaidi. Wengine walihudhuria mara nyingi, kesi ikaahirishwa mara nyingi, wakadhani imekufa. Hugundua kinyume chake miaka mingi baadaye, wakiwa njiani au uwanja wa ndege.

Msomaji mwenye shaka kwamba hati ipo juu yake asingoje kugundua namna hiyo. Aende masjala ya mahakama ile ile iliyosikiliza kesi, akiwa na namba ya jalada au tarehe ya mwisho aliyohudhuria, maana polisi hawana uwezo wa kuifuta hati na mahakama jirani haiwezi kuifuta bila jalada. Toka 1 Machi 2022 Uganda ina daftari la kesi la kielektroniki, lakini majalada ya zamani bado hutafutwa na karani kwa mkono. Aende na wakili akimpata, na wadhamini wake wa kwanza, ambao nao huweza kuitwa waeleze kwa nini fedha walizoahidi zisichukuliwe. Ajitokeze mbele ya hakimu kwa miguu yake, aeleze kilichomzuia, na alete cheti cha daktari kama alikuwa mgonjwa. Mahakimu, kama ada, humtazama aliyejileta kwa jicho jingine kuliko aliyeletwa, na wengi huifuta hati siku hiyo hiyo na kuirejesha dhamana. Na akikutwa na askari kabla hajafika huko, ana haki ya kuonyeshwa hati yenyewe, naye adai kupelekwa kwa hakimu, asimpe yeyote fedha njiani, kwa sababu hati iliyonunuliwa kimya barabarani haijafutwa.