Vyombo vya Marehemu na Nani wa Kuvitoa

Maiti akisha kuzikwa na wageni wakarudi makwao, hubaki nyumba. Ndani mna kitanda, sanduku la nguo, cherehani, masufuria, na pengine karatasi za madeni zilizokunjwa ndani ya kitabu. Siku ya kuvitoa vitu hivyo ndipo jamaa wanapojuana.

Mambo haya ni ya zamani. Baada ya vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra (625), mke wa Saad bin Rabii alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) pamoja na binti zake wawili. Baba yao alikuwa ameuawa vitani, na ami yao amekwisha chukua mali yote. Mama alisema kuwa mabinti wasio na mali hawataolewa. Jibu halikuja papo hapo. Aya za mirathi za Surat An-Nisaa ziliposhuka, Mtume alimwita yule ami akamwamuru awape mabinti thuluthi mbili, mama yao thumuni, na kitakachosalia kiwe chake. Tazama, msomaji, ami hakufukuzwa mikono mitupu. Katika kila mafungu 24 alipata 5. Alichokatazwa ni kuingia nyumbani mwa nduguye na kuvitoa vyote kana kwamba mwenyewe hakuacha mtu.

Sisi wa pwani tumeizoea hukumu hii hata twadhani iko kila mahali. Mwaka 1923 kilichapishwa kitabu cha Mirathi cha Sheikh Ali bin Hemedi el-Buhriy wa Tanga, kwa Kiswahili na tafsiri yake ya Kiingereza, na hata mahakimu wa Kiingereza wakaweza kuyasoma mafungu ya warithi. Akifa mtu wa Pangani au Bagamoyo, ilikuwa nadra mtu kuuliza agawiwe kwa sheria gani. Lakini wenzetu wengi wameoa na kuozesha bara, na huko swali hilo huulizwa.

Twende basi hadi Mwankoko, katika Manispaa ya Singida. Ni nchi ya Wanyaturu, watu wa ukoo wa baba, na Waislamu wamo wengi mkoani humo. Tuseme amekufa Mwislamu mmoja hapo, mkulima wa alizeti na vitunguu, ameacha mke, mwana mmoja wa kiume na mabinti wawili. Ameacha nyumba, shamba, vyombo na mbuzi 32. Kwa Kurani hesabu ya mbuzi ni nyepesi: mke 4, mwana 14, kila binti 7. Nyumba, shamba na vyombo hufuata mafungu hayo hayo.

Sasa isome hesabu ya pili. Tanganyika ilipopata uhuru, Serikali ilitaka mila za makabila ziwe sheria moja iliyoandikwa. Kazi hiyo ilimhusu sana Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekaa nchini miaka mingi akiandika mila, naye alifariki mwaka 1962. Mwaka uliofuata zilitangazwa kanuni za mila kwa makabila ya ukoo wa baba. Humo mrithi wa daraja la kwanza ni mwana wa kiume wa kwanza wa nyumba ya kwanza, kisha wana wengine wa kiume, na mabinti ni daraja la tatu na la mwisho. Ardhi ya ukoo binti aweza kuitumia, asiweze kuiuza. Ama mjane, yeye hana fungu maadamu marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto. Mbuzi 4 wamekwenda.

Tena katika miaka hiyo hiyo, sheria ya 1963 ilipoziunganisha mahakama za Tanganyika, za makadhi hazikuwamo tena. Mashauri ya mirathi ya wananchi wengi yakawa ya Mahakama ya Mwanzo. Sheria ya nchi haikuikataa sheria ya Kiislamu. Iliikubali katika mirathi kwa watu wa jamii inayoifuata. Ugumu umo katika neno hilo, jamii. Mswahili wa pwani ni rahisi kuhesabiwa humo. Mnyaturu ana kabila, na kabila lina mila, basi jamaa akidai mila, huenda mjane akatakiwa athibitishe kuwa mumewe aliishi Kiislamu na alitaka hivyo. Mimi naona huu ni mzigo mzito kumtwika mwanamke aliye edani.

Wasiokuwa Waislamu nao wamelia. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, katika Mahakama Kuu Mwanza, alimpa haki mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba la ukoo alilorithi. Lakini mwaka 2006 Mahakama Kuu ilipopelekewa shauri la wajane wawili wa Shinyanga, waliotolewa nyumbani na jamaa za waume zao, ilikiri kuwa kanuni zile zinabagua na hata hivyo haikuzifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake ikasema Tanzania imekosa.

Na pwani tusijisifu mno. Tuna Kurani, na bado makosa hufanyika mlangoni. Mjane ana haki ya kukaa katika nyumba ile miezi minne na siku kumi za eda, na hiyo ndiyo kauli yenye nguvu kwa Mashafii. Kwa nini basi kitanda kitolewe siku ya tatu? Vyombo alivyonunua mwenyewe au alivyopewa na mamaye si vya marehemu hata kidogo. Mahari iliyobaki ni deni, na deni hutangulia urithi, kama vile gharama za maziko; kisha wasia usiozidi thuluthi. Hata kanzu zinazotolewa sadaka, na mchele unaopikwa matangani, vikitoka katika mali ambayo yatima wana fungu, nani aliyewaomba idhini yatima?

Kwa mtu wa Mwankoko iko njia, nayo ni kuandika angali hai, mbele ya mashahidi, kwamba mali yake igawiwe kwa sheria ya Kiislamu. Asipoandika, baraza litauliza maisha yake: alioaje, aliwazikaje wazee wake, na mali ya baba yake, siku ile nyumba ya baba ilipofunguliwa, yeye aliigawa kwa sheria gani.