Mchaichai: mgeni aliyegeuka mwenyeji

Kwetu Bukavu mchaichai unaota ndani ya parsele nyingi, na vijana wanasema ni majani ya mababu. Sivyo kabisa. Asili yake ni Asia; hata jina limetoka kwa chai, neno la kule China. Lakini mama zetu waliupokea: wanaosha majani, wanayafunga fundo, wanachemsha dakika 10 hivi, sufuria ikifunikwa ili harufu isipotee. Mwaka 2020, wakati wa Korona, watu wengi waliurudilia. Tuseme kweli: hauponyeshi malaria, mwenye homa aende hospitali. Ila unapasha mwili joto jioni. Desturi si ile tu tuliyoachiwa; ni pia ile tuliyopokea na kuitunza. Basi tuwaonyeshe watoto namna ya kuupanda.