Mwenza wako ana rekodi mbaya barabarani? Namna ya kupata bima ya gari kwa gharama nafuu

Na Mwandishi Wetu

KATIKA fomu ya maombi ya bima ya gari kuna swali ambalo wanandoa wengi hulipita haraka kuliko yote: je, wewe au mtu mwingine yeyote atakayeendesha gari hili amewahi kupata ajali, kutiwa hatiani kwa kosa la barabarani au kukataliwa bima?

Kwa familia ambayo mume au mke ameshagonga mara mbili au tatu katika miaka ya karibuni, jibu la swali hilo lina uzito wa fedha. Wakisema kweli, ada ya bima inaweza kupanda. Wakinyamaza, ada itabaki chini, lakini siku ya ajali kubwa kampuni inaweza kukataa kulipa, na familia ikabaki na mabaki ya gari pamoja na deni.

Makala haya yanaeleza namna rekodi ya mwenza inavyoathiri ada ya bima hapa Tanzania, na njia halali ambazo familia inaweza kuzitumia ili gharama isiwe mzigo.

Sheria inataka nini

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimu kila mwenye gari linalotembea barabarani kuwa na bima ya madhara yatakayowapata watu wengine. Hii ndiyo wananchi wanayoiita bima ndogo. Humlinda mtu aliyegongwa, lakini haimlipi mwenye gari hata senti moja kwa uharibifu wa gari lake mwenyewe.

Bima kubwa ni ya hiari, isipokuwa pale benki au taasisi iliyokopesha fedha za kununulia gari inapoitaka. Hii hulipia pia gari la mwenye bima likiharibika kwa ajali, likiungua au likiibwa. Kati ya hizo mbili kuna bima inayolinda watu wengine na kuongeza moto na wizi tu.

Biashara hiyo inasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA), iliyoundwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Kwa viwango vya chini vya mamlaka hiyo, bima kubwa ya gari binafsi hutozwa asilimia 3.5 ya thamani ya gari, na bima ndogo ya gari binafsi Sh100,000, kabla ya kodi ya ongezeko la thamani.

Msomaji azingatie kwamba kiwango hicho ni sakafu, si dari. Kampuni haitakiwi kushuka chini yake, lakini inaweza kupanda juu yake inapoona hatari ni kubwa. Katika nafasi hiyo iliyo juu ya sakafu ndipo rekodi ya mwenza inapofanya kazi.

Tuchukue mfano wa gari lenye thamani ya Sh20 milioni. Kwa asilimia 3.5, ada yake ni Sh700,000 kwa mwaka. Kampuni ikiona historia ya ajali na kutoza asilimia 5, ada inafikia Sh1 milioni. Tofauti ya Sh300,000 ndiyo gharama ya rekodi mbaya, na ndiyo familia inayotafuta kuipunguza.

Kwa nini kosa la mwenza linakuhusu

Wapo wanaouliza: gari limeandikwa jina langu, leseni yangu ni safi, kwa nini nilipie makosa ya mwenzangu?

Jibu ni kwamba kampuni ya bima haiangalii tu kadi ya gari inasema ni la nani. Inataka kujua nani atashika usukani. Mikataba mingi ya magari binafsi humlinda mtu yeyote mwenye leseni halali aliyeruhusiwa na mwenye gari kuendesha. Kwa watu wanaoishi nyumba moja na kutumia ufunguo mmoja, ruhusa hiyo ni jambo la kila siku.

Aidha, mkataba wa bima umejengwa juu ya msingi wa uaminifu wa hali ya juu. Anayeomba bima anatakiwa kueleza kila jambo muhimu analolijua, ambalo lingeweza kumfanya mkatia bima abadili ada au akatae kabisa. Ajali za mtu ambaye ataendesha gari hilo kila asubuhi ni jambo la namna hiyo.

Hata hivyo, si kila kosa lina uzito sawa. Faini ya kuegesha vibaya haiwezi kulinganishwa na kuendesha ukiwa umelewa, na ajali iliyosababishwa na dereva mwingine haipaswi kuhesabiwa kama uzembe wa mwenza wako. Kwa hiyo ni muhimu kuwa na taarifa ya polisi inayoonyesha nani alikuwa na makosa.

Njia za kupunguza gharama

Ya kwanza ni kuijua rekodi yenyewe kabla ya kwenda kwa wakala. Kaeni pamoja muandike kila ajali: mwaka, chanzo, nani alikosea na kampuni ililipa kiasi gani. Makosa yaliyolipiwa faini kwa njia ya mtandao huacha kumbukumbu katika mfumo wa Jeshi la Polisi, hivyo lipeni madeni yote yaliyobaki. Maelezo yaliyopangwa vizuri humpa ofisa wa bima sababu ya kutenganisha ajali ya uzembe na ile ya bahati mbaya.

Ya pili ni kuomba bei kwa zaidi ya kampuni moja. Kila kampuni ina namna yake ya kupima hatari, na ile iliyolipa madai ya mwenza wako mwaka jana huenda ikawa kali kuliko nyingine. Dalali wa bima aliyesajiliwa anaweza kuzungusha maombi hayo kwa niaba yako. Wakala wa kampuni moja atakuuzia bidhaa ya kampuni hiyo tu.

Ya tatu ni kujadili ile sehemu ya hasara anayoibeba mwenye bima mwenyewe, ambayo mitaani huitwa ekses. Ukikubali kubeba sehemu kubwa zaidi, kampuni inaweza kulegeza ada. Njia hii inamfaa mwenye akiba. Asiye na akiba atajikuta gari limelala gereji kwa sababu ameshindwa kutoa fungu lake.

Ya nne ni kuuliza kama kampuni inaweza kuweka mipaka ya madereva. Mkataba unaomtaja dereva mmoja tu, au unaomwondoa mwenza kwa maandishi, unaweza kuondoa nyongeza ya ada. Lakini sharti hilo ni la kweli. Mwenza aliyeondolewa asiendeshe hata usiku mtoto anapougua, kwani ajali ikitokea huenda kampuni isilipe. Kama familia haiwezi kuahidi hivyo, isichague njia hii.

Ya tano, kwa wenye magari mawili, ni kutenganisha. Gari lenye thamani kubwa likatiwe bima kubwa na kuendeshwa na yule mwenye rekodi safi. Lile la zamani, ambalo familia inaweza kumudu kulipoteza, libaki na bima ndogo na litumiwe na yule mwingine. Magari yaandikwe hivyo na yatumike hivyo.

Ya sita ni kutodai kila mkwaruzo. Tuseme kutengeneza bampa ni Sh200,000 na ekses yako ni Sh150,000. Kampuni itakulipa Sh50,000. Mwakani ikipandisha ada kutoka asilimia 3.5 hadi 4.5 kwa gari lile la Sh20 milioni, utalipa Sh200,000 zaidi, na kama ulikuwa na punguzo la kutodai unaweza kulipoteza. Hata hivyo, ajali yoyote iliyomhusisha mtu mwingine itolewe taarifa polisi na kwa kampuni, hata kama unakusudia kujilipia matengenezo.

Ya saba, ambayo husahauliwa, ni kumrekebisha dereva. Mafunzo ya kujinoa yanapatikana katika vyuo vya udereva, vikiwamo Veta na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT). Cheti chake hakifuti ajali zilizopita, lakini ni hoja mezani. Kinachoshusha ada kwa uhakika zaidi ni miaka kadhaa bila madai.

Njia za mkato zinazogharimu

Baadhi ya familia huandika gari kwa jina la mwenye rekodi safi na kumtaja kuwa ndiye dereva mkuu, wakati anayeliendesha kila siku ni mwingine. Huo ni udanganyifu. Mpelelezi wa madai hahitaji kazi kubwa kuugundua. Huuliza majirani, mlinzi wa ofisi na fundi wa gereji.

Wengine hushusha thamani ya gari. Gari la Sh20 milioni likiandikwa Sh12 milioni, ada hupungua. Lakini mkataba ukiwa na kipengele cha kulipa kwa uwiano, hasara ya Sh5 milioni italipwa Sh3 milioni tu, kwa kuwa gari lilikatiwa bima ya asilimia 60 ya thamani yake.

Wapo pia wanaonunua stika kwa vishoka. Usitoe fedha kabla ya kuhakiki. Mfumo wa TIRA-MIS humwezesha mwananchi kuingiza namba ya gari na kuona kama bima yake ipo na ni ya kampuni gani.

Walioko Uingereza na Marekani

Kwa Watanzania na Wakenya wanaoishi ughaibuni, suala hili lina uzito zaidi, kwa kuwa huko rekodi ya dereva huhifadhiwa kwa pointi na kampuni huziona.

Nchini Uingereza, pointi nyingi hukaa kwenye leseni kwa miaka minne, na za kuendesha ukiwa umelewa kwa miaka 11. Kampuni kwa kawaida huuliza makosa ya miaka mitano iliyopita. Kumtaja mwenza msafi kuwa dereva mkuu kwa uongo huhesabiwa kuwa udanganyifu.

Nchini Marekani, kila jimbo lina sheria zake, na kampuni kwa kawaida hutaka majina ya watu wote wenye leseni waishio nyumba moja. Majimbo mengi huruhusu mwenza kuondolewa kwenye mkataba kwa maandishi, mengine hayaruhusu. Huko California, sheria iliyopigiwa kura na wananchi mwaka 1988 inaitaka kampuni itangulize rekodi ya usalama ya dereva katika kupanga ada.

Ukinyimwa haki

Mwenye bima anayeona ametozwa isivyo halali au amenyimwa fidia aanze kwa kulalamika kwa maandishi kwenye kampuni yenyewe. Asiporidhika anaweza kwenda TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima (TIO), ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Atahitaji nakala ya fomu aliyoijaza, na hapo ndipo jibu la lile swali la mwanzo litakaposomwa tena.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, someni fomu hiyo wote wawili, mume na mke. Huenda mazungumzo yasiwe matamu, kwa maana hakuna anayependa kukumbushwa nguzo aliyoigonga. Lakini wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Bima nafuu ni ile itakayolipa siku ya ajali, na kampuni hulipa kwa wepesi zaidi pale ilipoambiwa kweli tangu mwanzo.